Yaya, Nimechagua Baiskeli

Yaya Asukulu, kaka yangu,

Solange anataka jibu kesho. Unamkumbuka, yule dada wa mradi aliyeshuka botini kutoka Uvira na yale maboksi mawili marefu, watu wote wa bandarini wakidhani ni majeneza. Anataka kujua ni baiskeli ipi waagize kwa ajili ya wachukuzi wengine wa dawa: ile nyeusi au ile ya kijani. Jibu lilikuwa liwe letu sisi wawili. Sasa limebaki langu, na nimeona nikuambie wewe kabla sijamwambia yeye. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Mama hajui kama nakuandikia. Angenikataza. Anasema aliyekwenda aachwe aende, ukimwongelesha sana anageuka njiani. Niko nyuma ya nyumba, mahali tunapoanika muhogo, na yeye yuko sokoni na samaki wake wa ndagala. Jua liko juu ya ziwa. Nimechagua saa hii makusudi, ili kuwe na mwanga wakati nakuita.

Nianze na yale unayoyajua, maana nataka uone jinsi nilivyofikiri.

Siku ile tulipoyafungua maboksi ulicheka kwa sababu baiskeli zenyewe zilikuwa laini. Ulikaa juu ya ile ya kijani ikazama chini yako kama godoro. Tulikuwa hatujawahi kuona amortisa, zile pampu za hewa zinazomeza mashimo, zikiwekwa mbele na nyuma pia. Solange akatueleza. Ile nyeusi imetengenezwa kwa kwenda mbali: mwili mwepesi, amortisa fupi, tairi nyembamba. Ile ya kijani imetengenezwa kwa milima mibaya: nzito, amortisa ndefu, gurudumu la mbele limetupwa mbele kama mtu aliyenyoosha miguu, na kiti kinachoshuka ukibonyeza kwa kidole gumba, ili mtu asirushwe kwenye mteremko. Akasema, mzitumie msimu huu wa mvua, Baraka mpaka Bibokoboko, kisha mtuambie. Pikipiki hazikuwa zikifika tena kule, njia ilikuwa imeliwa na maji.

Wewe ulichukua ya kijani kwa sababu ulikuwa mkubwa, na sanduku la chanjo ulilibeba wewe. Mimi nilichukua nyeusi. Na tangu siku ile hatukuacha kubishana, mpaka Mama akatuambia tukale nje.

Mimi nilikuwa nasema: njia yetu ni kupanda. Nusu ya safari ni kupanda, na pale isipopandika tunaiweka begani. Nani atabeba ile ng'ombe yako mtoni? Wewe ulikuwa unamaliza bugali kwanza, unanawa, halafu unasema, polepole, kama mtu anayefundisha mtoto katekisimu: "Riziki, we unapenda baiskeli ya kukimbia. Ile nyepesi inapanda, siko nakatala. Lakini ile nzito njo inarudisha muntu kwabo."

Yaya, haikukurudisha. Ni watu waliokurudisha.

Sijui kama unajua jinsi ilivyokuwa. Nadhani kuna mambo mtu hayaoni akiwa ndiye yanayompata. Radi ilikukuta pale mgongo wa mlima uko wazi, hakuna mti, kabla ya kuanza kuona nyumba za Bibokoboko. Gasore, yule mfugaji aliyekuwa akikupa maziwa, ndiye aliyekukuta. Ulikuwa umekaa. Umeegemea jiwe, sanduku liko mapajani, umelizungushia mikono. Anasema alikusalimia kwanza. Alikusalimia, akangoja uitike, kisha akaona hupepesi macho kwenye mvua.

Baiskeli ilikuwa pembeni yako imelala kwenye majani. Hata rangi haikuchubuka.

Gasore na wenzake walipeleka dawa kwanza. Zilikuwa bado baridi. Kisha wakakata miti, wakafunga tipoyi ya kukubebea, wakakushusha mpaka mtoni, na wa kwetu walikuwa wakingoja upande wa pili. Unajua tangu risasi zilipofunga njia ile, watu wa juu na watu wa chini walikuwa hawasalimiani, ni wewe na mimi tu tuliokuwa tukipita kwa sababu ya dawa. Waliingia majini pande zote mbili. Wakakupokezana katikati ya mto. Maneno niliyoyasikia ni mawili tu, "Shika muzuri," na sijui ni nani aliyeyasema, wa juu au wa chini. Gasore alikuja nyuma akiisukuma baiskeli yako.

Hakuna aliyetaka kuipokea.

Kwenye matanga watu walisema yao. Wako waliosema radi haipigi bure, ilitumwa. Wako waliosema ni kile chuma cha kijani kilichoiita. Mjomba alitaka itiwe kwenye mtumbwi ikatupwe mahali maji ya ziwa ni marefu. Mama alikataa. Alisema, "Iko kitu ya batu ba mradi. Na mutoto wangu aliipenda." Akaisukuma mwenyewe mpaka chumbani kwako, akafunga mlango, akarudi kukaa kwenye mkeka.

Sasa nifike kwenye kile nilichotaka kukuuliza. Nisamehe kama ninakosea.

Nilipoingia kuisafisha baada ya kilio, nilikiinua kiti, ili bomba lake likae vizuri na kwa sababu nilitaka kufanya kitu kwa mikono. Asubuhi yake nikakikuta kimeshuka mpaka chini. Nikakiinua tena. Kesho yake kiko chini. Nilijiambia hewa inavuja, vitu hivi huvuja. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukikishusha kila ukifika nyumbani, kabla hata hujanywa maji, ili uvushe mguu bila kuumia mgongo. Nilimwambia Mama. Nilidhani atalia. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakunyanyua uso. "Alikuwa anashushaka vile akifika," akasema. "Muache, amefika."

Toka hapo hakuingia tena kufagia. Akawa anaacha maji mlangoni.

Mimi niliendelea na ile nyeusi, peke yangu. Nikipita pale kwenye jiwe nilikuwa natazama mbele. Wafugaji walikuwa wananisalimia kwa mbali. Na ile nyeusi, Yaya, lazima niseme ukweli, ilikuwa inanitesa kwenye kushuka. Mawe yaliyolowa yalikuwa yanaitupa huku na kule, mikono inakufa ganzi, nilikuwa nateremka na kuisukuma mahali ambapo wewe ungepita umekaa. Kichwani nilikuwa nauona mgongo wako mbele yangu, nasikia na ule mlio wa gurudumu lako la nyuma, tiki-tiki-tiki, likiachiwa bila kukanyagwa. Nilikuwa nakuchukia kidogo kwa jinsi ulivyokuwa sahihi.

Halafu amortisa ya nyuma ya ile nyeusi ikapasuka mpira wake, hewa yote ikatoka. Kipuri hakipo Baraka, Solange akakiagiza Bukavu. Na ndani ya siku hizo ndipo simu ikaja kutoka kituo cha Bibokoboko. Kulikuwa na mama amejifungua, damu haikati, na dawa ya kuisimamisha imewaishia. Muganga wa kituo hakunieleza mengi. Alisema tu, "Dada, wewe kuja."

Nilisimama mlangoni pa chumba chako. Maji ya Mama yalikuwa yamebaki nusu kwenye kikombe.

Nikaitoa ya kijani. Kiti nikakiinua kwa kimo changu. Na nikafanya kile ulichonifundisha: kale kapete ka mpira kaliko kwenye bomba la amortisa, nikakavuta mpaka mwisho wa chini. Unakumbuka tulivyofurahi tulipojua kazi yake? Mtu akikaa, kapete kanasukumwa juu, akishuka kanabaki palepale, na kanaonyesha uzito wake. Ulinipora rangi ya kucha ukapaka alama mbili. Ya chini, "Hapa njo kwako, kuku." Ya juu, karibu na mwisho, "Na hapa kwa muzee wa kazi." Alama zilikuwa bado nyekundu.

Mama alikuwa uani. Aliniona na baiskeli, akaona sanduku. Alinifunga kitenge shingoni, akakivuta kama anataka kukikaza kupita kiasi, kisha akakilegeza.

Mpaka mtoni nilikwenda vizuri. Maji yalikuwa mengi. Niliibeba begani, ikanielemea mpaka nikapiga goti, nikakutukana. Upande wa pili ukungu ulikuwa umeshuka kuja kunipokea, ule mweupe unaokaa juu ya njia kama maziwa yaliyoganda, huoni gurudumu lako mwenyewe.

Hapo ndipo nikasikia tiki-tiki nyuma yangu.

Wewe unajua, na Solange anajua, lakini mtu mwingine hawezi kujua: gurudumu la nyuma linalia likiachiwa tu. Ukikanyaga, linanyamaza. Mimi nilikuwa nakanyaga. Nilikuwa napanda, nakanyaga kwa nguvu zangu zote, la kwangu limenyamaza, na nyuma yangu kulikuwa na gurudumu linalia. Nikasimama. Halikuacha mara moja. Lilikuja kidogo, lilipunguza, lilipunguza, kisha likanyamaza karibu kabisa na bega langu, kama mtu anayebana freni polepole asimgonge mwenzake.

Sikugeuka. Sikuita jina lako pia. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, kwenye ukungu mtu haiti jina, maana hujui ni nani atakayeitika.

Nikapanda tena. Na kuanzia pale baiskeli ikabadilika. Ilizama. Ilikuwa inakwenda chini chini, tairi zimebonyea kama siku zile ulipokuwa ukinipakia nyuma kwenda shule na mimi nimekumbatia kiuno chako. Lakini haikuwa nzito miguuni. Hicho ndicho sijaweza kumweleza mtu. Ilikuwa imebeba uzito wa watu wawili na ilikuwa inapanda vizuri kuliko ile nyeusi. Nilipofika kwenye mgongo wa mlima mvua ikafunguka na ngurumo zikaanza, ziko karibu, nikazisikia kwenye meno. Nikaliona jiwe. Majani pale ulipokaa yameota marefu kuliko mengine. Mguu wangu ulitaka kushuka nigeuze, na nakuambia ungeshuka, ila baiskeli haikunipa nafasi. Ilipita. Mimi nilikuwa juu yake tu.

Baada ya jiwe kulikuwa na ng'ombe wa Gasore, wamesimama katikati ya njia na pembe zao zile ndefu. Wakanipisha. Wakagawanyika, wengine kulia, wengine kushoto, nikapita katikati. Ng'ombe wakishapisha mtu wanarudi kufunga njia, hawana subira. Hawa hawakufunga. Nilitazama nyuma ya bega, hapo nilithubutu, nikawaona bado wameacha uwazi, wanageuza vichwa polepole, wote pamoja, kutoka chini kuja juu. Kama wanatazama kitu kinachopita. Kisha wakafunga njia.

Muganga alilipokea sanduku mlangoni na kuingia nalo ndani akikimbia. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Gasore alikuja amejifunika blanketi lake, fimbo mkononi, akaitazama baiskeli muda mrefu. Yeye hakujua habari za kapete. Mimi ndiye niliyeinama kutazama.

Kalikuwa kwenye alama yako.

Nilijiambia ni mawe. Gurudumu likigonga jiwe kubwa kapete kanasukumwa, hata wewe uliwahi kusema. Nikakapangusa tope kwa kitenge nikatazama tena. Kalikuwa kamekaa juu ya wekundu ule barabara, hakakupita, hakakupungua.

Gasore akasema, "Nilikuwa na ng'ombe zangu pale. Weye ulipita, zikangoja." Nikamuuliza zilikuwa zinangoja nini. Akavuta blanketi. "Zinamujua," akasema, basi.

Yule mama amepona, Yaya. Mtoto pia. Jioni muganga alitoka nje na kunawa mikono kwa muda mrefu, akaniambia ningechelewa kidogo tu tungezika. Nililala kwa Gasore, mkewe akanipa maziwa ya moto, na watoto wao wakanitazama kama watu wanaotazama mgeni aliyekuja na mtu.

Asubuhi anga lilikuwa limeoshwa. Kabla ya kuondoka nilikavuta kapete mpaka chini. Kiti nikakishusha kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya, nikaiachia iteremke. Sasa najua ulichokuwa unasema. Mawe yalipita chini yangu kama yako mbali, kama nimekaa kwenye mtumbwi na mawimbi ni ya mtu mwingine. Nilipita mahali ambapo siku zote nateremka na kusukuma. Nyuma yangu palikuwa kimya. Nilisikiliza mpaka mtoni, na palikuwa kimya.

Nilipofika nyumbani kapete kalikuwa kwenye alama ya kuku.

Mama alikuwa ameinamia beseni la ndagala. Aliitazama baiskeli, si mimi. Akauliza, "Ulimuacha wapi?"

Nikasema, "Juu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaendelea kuchambua samaki. Jioni yake akaingia chumbani kwako, akafagia, akafungua dirisha, na kile kikombe akakirudisha jikoni. Kiti nilikiinua tena usiku ule, na mpaka leo hakijashuka. Kama kilikuwa kinavuja hewa, basi kimeacha kuvuja.

Kwa hiyo jibu langu. Keti vizuri, usikasirike.

Nitamwambia Solange waagize ile nyeusi.

Najua. Najua ile ya kijani inarudisha. Nimeishuka nayo, sasa sina ubishi. Lakini wachukuzi wapya si wewe. Ni Atosha na wenzake wa Kilembwe, na kule njia ni ndefu kuliko ilivyo mbaya, na ni mimi, na ni wanawake wawili wengine wenye mwili kama wangu. Mtoni tutaibeba. Tukiangukiwa na ile nzito majini hakuna wa kutuinua. Pale penye mawe tutateremka tusukume, si aibu, dawa haijui kama imefika ikiwa imepandwa au imesukumwa. Na nitamwomba tairi pana kidogo za ile ya kijani zifungwe kwenye nyeusi. Amesema inawezekana, nilikwisha kumuuliza. Hapo utakuwa umeshinda nusu.

Na kuna sababu nyingine, ambayo Solange hataisikia kwangu. Sitaki Atosha au mwingine yeyote akanyage kwenye ukungu na uzito asioujua mgongoni. Mimi nilijua ni wewe, na hata hivyo sikuthubutu kukuita. Wao wangekufa kwa hofu.

Ile ya kijani itakaa Bibokoboko. Si mimi niliyewaza hilo, ni Gasore. Alishuka mpaka mtoni wiki iliyopita kuniuliza. Dada yake anafanya kazi kituoni, atakuwa anateremka nayo mpaka majini kutupokea, sisi tusipande mpaka juu kila safari. Nilimwambia ukweli, nilimwambia watu wa kwetu wanasema nini juu ya baiskeli ile. Akanitazama kama sikuelewa jambo dogo. "Siye njo tulimubeba," akasema. "Tutamuogopea nini?"

Atosha alikuwa pamoja nami siku ile. Alimsikia. Kati ya wa kwetu alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na mkono wenyewe ukakaa kidogo.

Basi ni hayo. Mama hajambo. Analala. Meza yako nimeichukua mimi, spana zako nimezipaka mafuta, hakuna iliyopotea. Nakukosa zaidi wakati wa kula, hakuna wa kubishana naye, chakula kinaisha upesi na hakina ladha.

Yaya, sikufukuzi. Ulinipandisha siku niliyotaka kugeuka, na yuko mtoto anayenyonya kwa sababu hiyo. Lakini usinifuate tena. Kaa pale ulipopumzika. Naahidi dawa zitapita, masika na kiangazi, na kama mimi nikichoka nitakuwa nimeshamfundisha mwingine njia, na nitamfundisha asikimbie.

Jana nilinunua kengele sokoni, ya kawaida, zile za chuma. Nimeifunga kwenye ile nyeusi, kipuri chake kimefika, kwa sababu ya wafugaji, ukungu ukishuka hawatuoni. Nikifika kwenye jiwe nitaipiga, ujue kwamba ni mimi na kwamba niko mzima.

Ukiisikia, usiitike.

Mdogo wako,
Riziki